Jina la Sikioni

Ubwa Pandu ni fundi wa chokaa. Kama umepita Shangani au Kiponda ukaona ukuta mweupe uliolainishwa hata ukatamani kuugusa, basi huenda mkono wake umepita hapo. Ana miaka arobaini na sita, mke mmoja, Maryam, na binti mmoja, Nadra. Ni mtu wa maneno machache, na watu wa mjini, ambao hawawezi kumwona mtu kanyamaza wasimtafutie sababu, husema anaringa. Haringi hata kidogo. Anaogopa. Umri wake wote amejihisi kama mtu aliyekaa kwenye nafasi ya mwengine, na anachelea mwenyewe atakuja kuidai.

Alizaliwa Fumba, mtoto wa tano. Wanne waliomtangulia, hakuna aliyefikisha siku arobaini, na mama yake, Bi Tabia, aliwazika wote. Basi alipozaliwa huyu, wakubwa wakafanya kama walivyofanya wa kale. Baba yake, Mzee Pandu, alimwadhinia sikio la kulia, akamkimia la kushoto, akamnong'oneza jina lake. Kisha mtoto akapelekwa jaani, akalazwa juu ya majivu na maganda ya muhogo, kama kitu ambacho mwenyewe kakichoka. Jirani akapita, eti kwa bahati, akamwokota na kumwita Ubwa. Nani atahangaika na kitoto cha mbwa? Mauti yakija kuuliza yaambiwe hapa hapana mtoto, pana kiokotwa tu. Cheka ukitaka, lakini mtoto aliishi.

"Ubwa ni jina la kupotezea tu," Bi Tabia alikuwa akimwambia. "Lako lenyewe lipo. Ntakwambia ukishabaleghe."

Bi Tabia akafa, mwanawe ana miaka tisa. Mzee Pandu alikuwa keshatangulia zamani, Ubwa hajatambaa. Mjomba akaja akamchukua kijana mjini, na jina likabaki Fumba, au kaburini, au popote yanapobaki majina ambayo hakuna wa kuyaita.

Alipofika miaka ishirini alikwenda Nungwi, akawa papasi wa kuwazungukia watalii pwani. Alifuga nywele mpaka mabegani, akajua Kitaliano cha kuuzia safari za kutazama samaki, akajiita Kapteni Nanasi. Wenzake walikuwa na majina ya aina hiyo hiyo, na hakuna aliyemuuliza mwenzake katoka wapi wala ni wa nani. Ubwa alipapenda kule, tena sana. Miaka minne alikula nao sahani moja, akavaa rangi zao, akacheka vicheko vyao. Siku moja mgeni mmoja, mama wa makamo, alimuuliza jina lake la kweli. Lilikuwa swali la kawaida kabisa. Ubwa akataka kusema Ubwa, akaona nalo si la kweli. Alasiri ile ile akanyoa kichwa, akarudi mjini.

Mjini aliingia kwenye homu. Maulidi ya homu ni ya watu wengi kuwa mtu mmoja: mnapiga magoti safu moja, kanzu nyeupe, bega kwa bega, matari yanalia nyuma yenu, mnainama pamoja na kuinuka pamoja mpaka hujui mkono huu ni wako au wa jirani yako. Kiongozi wao, Maalim Zahran, alikuwa mkali. Ukichelewa kuinama kidogo tu atakukata jicho. Ubwa hakuchelewa hata mara moja. Miaka kumi na moja alikuwa mmoja wao, na angekuwa mpaka leo lau si ile dua. Maalim ana ada ya kuwaombea wanachama kwa majina, mmoja mmoja. Kila anapofika "Ubwa bin Pandu", Ubwa huona dua imepelekwa nyumba siyo. Wenzake wote wanaombewa, yeye anaombewa mtu wa kubuni. Akaanza kukosa wiki moja, kisha mbili, na mwisho kanzu ikabaki msumarini.

Kundi lake la tatu hulitaja kwa shida. Bi Ghaliya wa Chukwani, fundi wa ngoma ya kibuki, alimwita kumpigia chokaa chumba cha ngoma. Kazi ya siku tano. Siku ya tatu watu wakaanza kuingia na kayamba na chupa za brandi, maana masheitani wa kibuki wametoka Bukini, yaani Madagaska, na hawanywi chai, na Ubwa, aliyezoea maulidi, akasema ataondoka sasa hivi. Hakuondoka. Alikaa pembeni na mwiko wake mkononi, akatazama. Kila sheitani akipanda kwenye kiti chake, maana ndivyo wanavyomwita mtu aliyepandwa, huulizwa: nani wewe? Naye hujibu kwa kishindo, mwana wa nani na wa ufalme gani. Ubwa akamwonea jini wivu. Kiumbe kimevuka bahari kina jina na baba, na yeye wa Fumba hapa hapa hana!

Alirudi mara nyingi, kwa siri, mchana, Maryam akidhani yuko kazini. Alijifunza nyimbo zao na miiko yao, na wakamzoea. Hatimaye akaomba naye aulizwe. Wakamfunika shuka, kayamba zikapigwa, mwili ukamtetemeka kweli. Bi Ghaliya akainama akamtegea sikio mdomoni. Akakaa hivyo muda mrefu, kisha akarudi nyuma.

"Huyu hana jini," aliwaambia watu. "Lakini yupo mtu. Mtoto. Hajajua kusema."

Ubwa akatupa shuka, akatoka mbio. Mpaka leo ukuta mmoja wa chumba kile haujamalizwa.

Hayo yote yangebaki kuwa yake peke yake kama Nadra hangeposwa. Nikaha ilipangwa Ijumaa baada ya alasiri, na baba ndiye walii. Atamwozesha kwa kinywa chake, na bwana harusi, kijana Abdulla, atajibu amekubali kumuoa Nadra binti fulani. Ubwa hakulala. Atamtoaje mwanawe mbele ya watu kwa jina lililotungwa kumdanganya Izraili?

"Nenda Fumba," Maryam alimwambia. "Bi Sichana yu hai. Si ndiye aliyekuokota?"

Ubwa alikuwa akimkwepa Bi Sichana tangu utotoni. Yule mama alikuwa na tabia ya kumtazama mno, halafu kugeuka na kujifuta uso. Lakini Jumatano alikwenda. Alimkuta kibarazani anachambua mchele, mwembamba, macho yana ukungu.

"Shikamoo, bi mkubwa. Mimi Ubwa wa Bi Tabia."

"Marahaba. Nshakujua kwa hatua." Hakuacha kuchambua. "Umekuja kuuliza jina."

"Naam."

"Alilokupa baba yako silijui. Pandu alinong'ona akenda nalo. Hata Tabia hakulisikia, alikuwa ndani hajiwezi. Na mwanamme mwenyewe alikataa kulitaja tena, aliogopa. Mama yako akikuahidi kitu hana, masikini. Alitaka ukue unakisubiri."

Ubwa alikaa chini pasi na kuambiwa. Miaka thelathini na saba alikuwa akililia jina ambalo halikuwa mikononi mwa mtu.

"Lakini liko jengine," Bi Sichana akasema, na sasa sahani ya mchele akaiweka kando. "Siku nlokuokota, mwanangu alikuwa na siku nne kaburini. Maziwa yalikuwa yananchuruzika. Mapatano yalikuwa nikuokote, nikurejeshe kwa mama yako kabla ya adhuhuri. Nikakunyonyesha. Siku tatu sikufungua mlango, Tabia analia nje. Siku tatu nikikwita jina la mwanangu, sikioni, Ayoub, Ayoub, na wewe unanyonya. Kisheria wewe mwanangu wa ziwa, na hujapata kuja kuniamkia ila leo."

Ubwa alimkumbuka Bi Ghaliya na lile neno lake la mtoto asiyejua kusema.

"Hujaacha kuniita hivyo?" aliuliza.

"Kila siku nkifungua mlango. Naita, nasubiri. Mara moja tu, mwanangu, nikwite uniitike. Nshakuwa mzee."

Akasimama. Nani mwenye akili zake anaitikia kwa ajili ya maiti? Aliaga kwa haraka, akatoka akipita mbele ya nyumba mpya za vioo walizozijenga karibu na makonde ya mama zake, na hasira zimemjaa kifuani: kwa baba, kwa mama, kwa yule bibi aliyemwibia siku tatu.

Ijumaa msikitini khatibu alimwelekeza maneno. Ubwa akamshika Abdulla mkono, akasema amemwozesha binti yake, na Abdulla akajibu kuwa amekubali kumuoa Nadra binti Ubwa. Halikutokea jambo. Watu wakasema mabruk, halua ikapita, Maalim Zahran akamkumbatia na kumuuliza atarudi lini safuni. Nadra aliolewa kwa jina la jaani na ndoa ikafunga barabara. Ubwa alicheka peke yake, kwamba jina la kuokotwa nalo latosha mtu akiliitikia, kisha akaona kicheko kinakaribia kulia.

Jumamosi asubuhi alikuwa Fumba tena. Hakubisha hodi. Alisimama uwanjani, mkono mmoja kashika nguzo ya kibaraza.

"Niite," alisema.

Bi Sichana alikuwa ndani, mlango uko wazi. Kwa sauti ya kumwita mtoto aliyekwenda kucheza mbali, akaita: "Ayoub!"

Ubwa hakujua ni nani hasa anayejibu.

"Naam, mama."

Bi Sichana alitoka akipapasa ukuta, akasimama mlangoni na pindo la ukaya wake wa kichwani mdomoni, machozi yanamtiririka.

"Kumbe angekuwa na sauti nzito hivi," alisema.