Baba Mdogo na Gazeti Lililochanika

Harufu ninayoikumbuka ni ya mkonge uliooza. Ilitoka kwenye mashine ya kukamulia majani, ikashuka hadi laini za nyumba za wafanyakazi katika shamba letu kati ya Ruiru na Thika, ikaingia kwenye uji, kwenye blanketi, hata kwenye nywele za nyanya yangu. Wageni walikunja pua. Sisi tuliizoea, kama tulivyozoea mambo mengine yasiyostahili kuzoewa. Ilikuwa miaka ya hali ya hatari, serikali ya wakoloni ikipigana na wapiganaji wa msituni. Askari walipita na bunduki, na watu wazima walizungumza huku wakitazama mlango.

Katika laini zile, kuchekesha kulikuwa kazi ya mtu mmoja: baba mdogo Njoroge, mkata mkonge aliyesoma miaka michache tu. Jumapili baada ya kanisa watu walikusanyika nje ya chumba chetu, Wakikuyu pamoja na Waluhya waliotoka magharibi kutafuta kazi, naye akawasomea gazeti. Lilikuwa karatasi tu iliyofungiwa sukari dukani Thika. Alilinyoosha juu ya goti, akasoma mara kwa sauti ya gavana, mara kwa sauti ya karani mwenye mafua. Alipofika palipochanika hakusita. Alitunga na kuendelea.

Mimi nilikuwa mtoto wa kuuliza kila kitu. "Baba mdogo, hayo yameandikwa kweli?"

"Yameandikwa upande ule nyanya yako alilamba na sukari."

Leo nimemaliza chuo kikuu, nafanya kazi gazetini, na bado sijui vizuri habari huishia wapi na utunzi huanzia wapi.

Siku hizo askari walikuwa wakiwapanga wanaume mstari na kumleta mtu aliyefunikwa gunia lenye matundu mawili ya macho. Tulimwita gakunia. Akitikisa kichwa mbele yako, basi umekula kiapo cha watu wa msituni, na unapakiwa kwenye lori. Hata kumtaja watu waliogopa. Jumapili moja baba mdogo alikunja gazeti lake, akajivika gunia, akatembea polepole mbele ya hadhira yake. Akasimama mbele ya mbuzi. Akatikisa kichwa.

"Huyu ana ndevu za msituni! Pandisha lori!"

"Njoroge, toa hiyo kitu kichwani," nyanya akasema.

"Ngoja, mama, bado kuku. Huyu hajalala nyumbani wiki hii."

"Na bibi yangu je?" akaita jirani yetu Wekesa. "Mtazame vizuri, bwana, nipumzike kidogo!"

Watu walicheka mpaka wakashikana mabega, kama watu waliotoka chini ya maji kuvuta pumzi. Nyanya naye alicheka, akijifuta macho kwa leso na kumlaani mwanawe kwa upole.

Juma lile lile askari walikuja asubuhi. Gunia lilipita mbele ya wanaume, likasimama kwa baba mdogo. Likatikisika polepole, vile vile hasa alivyomtikisia mbuzi. Hakuna aliyecheka. Nyanya alilikimbilia lori, akamshika mwanawe koti. Lori likaondoka, koti likabaki mikononi mwake.

Wazee walisema mzaha mzaha hutumbua usaha. Methali hiyo siikubali. Usaha ulikuwapo kabla ya mzaha. Lakini baba mdogo aliporudi kutoka kizuizini baada ya miaka, nyanya alikuwa ameshazikwa, na kati ya sauti zake zote alikuwa amebakiwa na moja, ndogo. Walipomwomba asome, alisema macho yamechoka.

Sasa bendera ni yetu, na gazeti nalinunua likiwa zima. Naandika safu ya vichekesho. Wakubwa huniambia nisiwaguse fulani na fulani, nami huuliza kwa nini, wala sijibiwi. Hivi karibuni nilikwenda Gitothua, anakoishi baba mdogo na shamba lake dogo la mahindi, nikamsomea makala yangu. Nilitaka acheke, mara moja tu. Nikamwambia ofisini wote walivunjika mbavu.

Alilichukua gazeti, akalinyoosha juu ya goti.

"Yule wa gunia nilimjua," akasema. "Nilimjua kwa miguu yake."

"Jumapili ile alikuwepo?"

"Alikuwepo." Akayatazama mahindi yake. "Ndiye alicheka kuliko wote."