Herufi Zisizoonekana

Nywila zote za shule yetu, huku upande wa Gitting, zilikuwa zimebandikwa nyuma ya mlango wa ofisi kwa selotepu. Mgeni akikaa kusubiri, anazisoma. Jamani! Mimi mwalimu wa fizikia nikashindwa kuvumilia. Nikaziingiza kwenye programu isiyo na picha wala vitufe: skrini nyeusi, unaandika amri, unaweka nywila kuu moja, inakufungulia nyingine zote. Ile karatasi nikaichoma.

Nywila kuu tulikuwa nayo wawili, mimi na mkuu wa shule, mzee aliyebakiza mwaka mmoja astaafu. Nilimwelekeza mbele ya walimu wenzangu. Kitu kimoja sikukifikia: ukiandika nywila kwenye ile skrini huoni chochote, hata nukta. Nilikuwa nataka kusema, yeye akawahi, "Nimeelewa, mwalimu." Na huku kwetu mzee akishasema ameelewa, humrudishi darasani mbele za watu. Nikazima kompyuta.

Mwezi uliofuata nilikwenda Mbulu kumzika mjomba, mahali ambako simu haishiki. Siku hiyo ndiyo ilikuwa ya mwisho kusajili watahiniwa wa kidato cha nne, na binti mmoja alikuwa bado. Alikuwa amelazwa wiki kadhaa, picha yake ya usajili ikapatikana asubuhi hiyo hiyo. Asiposajiliwa, mwaka umepotea. Mkuu akafungua kompyuta atoe nywila ya usajili.

Niliporudi alinisimulia bila hasira. Aliandika herufi ya kwanza, akatazama, hakuna kitu. Akaibonyeza tena, kwa nguvu. Akaanza upya. Alikaa pale mpaka jioni, usajili ukafungwa. "Mashine yako ilikufa," akasema.

Haikufa. Ilikuwa inapokea kila herufi, na zile alizorudia pia. Nilijua kabla hajamaliza kusimulia, na roho iliniuma kweli kweli. Nikamjibu, "Pole sana, mkuu. Hizi mashine zinasumbua."

Binti hakufanya mtihani. Baba yake alikuja shuleni na debe la maharage, kunishukuru, maana mkuu alimwambia ile mashine niliihangaikia sana nilipoiandaa. "Umejitahidi, mwalimu," akasema. "Sasa mashine ikigoma, wewe ungefanyaje?"

Nikalipokea lile debe kwa mikono miwili. Nyumbani kwangu maharage yale tuliyala wiki tatu.