Ng'ombe Hawaingii Lamboni

Kila asubuhi mlinzi wa lambo la kijiji, huku nyuma ya Tezo, hulizunguka tuta lote miguu mitupu, maana asema nyayo huuhisi unyevu kabla udongo haujapasuka. Akikuta tundu la panya hupiga magoti, akalijaza udongo wa mfinyanzi na kuushindilia kwa ngumi mpaka pakawa sawa. Sauti yake ni ya chini. Hata akiwafukuza mbuzi utadhani anawabembeleza.

Mwaka huu mvua za vuli zilipokosekana, ndugu yake Mwaro alifika mchana na ng'ombe wake wakijikokota. Hori la kunyweshea lilikuwa kavu, kwani bomba lake lilikuwa limezibwa na matope. Mwaro akawaelekeza moja kwa moja lamboni, na dada yake, yule mlinzi, akasimama njiani.

"Dada, watanifia hawa!"

"Wakiingia watayavuruga maji, na watu wote wanakunywa haya haya. Wapeleke horini, ungoje."

Hasira ilimpanda Mwaro. Dada wa tumbo moja, tena mbele ya wanawake waliokuja kuteka! Dada yake akajifunga leso kiunoni, akateka ndoo, akapanda nayo tuta, akaimimina horini na kurudi majini. Ng'ombe wakasukumana kunywa. Akaja tena, na tena, sasa akihema. Mwaro akaiegemeza fimbo yake kwenye ua wa miiba, akaokota ndoo nyingine, akamfuata.