Upande wa Kulia Ulipojikunja

Mama Uzi alikuwa mjane wa miaka arobaini na sita, fundi wa kushona sare za shule. Siku moja mwalimu wa kuruka kilimani kwa parachuti alimletea bawa lililochanika, kile kitambaa kipana kinachombeba mrukaji. Alikipapasa kile kitambaa, chepesi kama ganda la kitunguu, akasema, "Nitashona, ila kwanza nioneshe linavyoruka." Mwaka haukuisha, naye akawa anaruka mwenyewe kila Jumapili.

Mdogo wake wa kike alinung'unika. "Dada, ndege huzaliwa na mabawa. Lako umelishona."

"Ndiyo maana naujua kila mshono."

Jumapili moja alichelewa kuruka. Jua la saa sita lilikuwa limeyachoma machimbo ya mawe chini ya kilima, na hewa ya moto ilipanda kwa vishindo. Alipopita juu yake, kamba ya breki ya kulia, ya kugeuzia na kupunguzia mwendo, ikalegea mkononi. Alielewa kabla hajatazama: nusu ya bawa imejikunja.

Kiti alichofungiwa kikalalia kulia, akaanza kuzunguka kuelekea mwamba wa machimbo. Kwa hofu akavuta breki zote mbili kwa nguvu. Upepo ukanyamaza masikioni, na ukimya huo ukamtisha kuliko mwamba. Mwalimu alishawaonya: usiposikia upepo, bawa linakaribia kuacha kuruka.

Akapandisha mikono, breki zikalegea. Mlio wa upepo ukarudi.

"Kwanza mwamba, kitambaa baadaye," alijiambia kwa sauti.

Akauegemeza mwili kushoto, upande uliobaki wazi, akavuta breki ya huko kidogo tu, mpaka akaacha kuzunguka na mwamba ukabaki nyuma yake. Hapo ndipo alipovuta ya kulia mpaka nyongani, akaiachia. Bawa likafunguka kwa kishindo, kama shuka linalokung'utwa.

Hakujidai shujaa. Alishuka moja kwa moja kwenye uwanja wa mpira, akakaa chini, akaanza kukusanya kamba.

"Mwanzo ulivuta mno," mwalimu alimwambia kwenye redio ya mkononi.

"Najua. Nilisikia upepo ukinyamaza."

Mdogo wake, aliyeona yote kutoka chini, alifika mbio, kiatu kimoja mkononi, akilia na kufoka kwa pamoja. "Sasa umekoma?"

"Nimekoma."

"Kweli?"

"Kuruka saa sita, ndiyo."

Mdogo mtu akasonya, kisha akainama kumsaidia kukusanya kamba. Wiki tatu Mama Uzi hakupanda kilimani. Ya nne alipanda, asubuhi na mapema.