Nilimuunda Ndugu Yangu Kwenye Kompyuta, Sasa Mama Anamtafuta

Admin, jina langu lifiche kabisa, maana ukoo mzima uko humu. Mimi ni kijana wa kiume, miaka 29, naishi Kihonda, Morogoro. Napiga picha. Harusi, kipaimara, paspoti, zote napiga, lakini roho yangu iko kwenye kolaji: nakata picha zangu vipandevipande kwenye kompyuta, naziunga upya ziwe kitu kimoja. Miaka sita nachekwa. "Bado unachezea bando?" ndiyo salamu yangu mtaani.

Mama yangu alifariki nikiwa mdogo, nikalelewa Kinole, kule milimani Uluguru, na dada yake, mama mkubwa. Mwanawe wa pekee, nimwite Shabani, aliondoka miaka kumi na moja iliyopita kwenda kutafuta kazi Ngerengere. Hajarudi, simu haipatikani, hakuna aliyemwona. Mwaka huu mjomba, ambaye kwetu Waluguru ndiye mwenye kauli kwenye ukoo, akasema inatosha, tumsomee khitma. Mama mkubwa alilia wiki nzima, mwishowe akakubali.

Na mimi, mjinga wa wajinga, uchungu wangu nikaupeleka kwenye kompyuta. Nikachukua picha yake ya mwisho ya shule, nikamwongezea ndevu na umri, nikamuunga na mwili wangu mwenyewe, nikamsimamisha barabarani hapa Kihonda. Juu, badala ya mbingu, nikapindua milima ya Uluguru. Nikaiposti. Wallahi sikufikiria kama itafika Kinole.

Ikafika. Mama mkubwa akanipigia anahema. "Baba, hapo ni wapi?"

"Kihonda, mama."

Nikasikia vigelegele, simu ikakatika. Milima iko kichwa chini, lakini yeye aliona uso wa mwanawe tu.

Nilipaswa kupiga palepale. Jioni ile ile nikapata ujumbe kwamba picha hiyo imechaguliwa kwenye maonyesho Dar, itatundikwa kubwa kuliko mlango. Nikajisemea nitamwambia kesho. Kesho hiyo ina miezi miwili sasa.

Mama mkubwa khitma kaifuta. Mjomba hasemi naye. Kila Jumamosi anashuka kutoka mlimani na picha kaichapisha, anasimama kwenye mageti ya viwanda, anauliza watoto wa watu, "Wanangu, mnamjua huyu?" Kisha anakuja kwangu miguu imevimba, anauliza kama na mimi nimemwulizia mtaa wa nyuma. Naitikia. Admin, naitikia!

Sasa anataka twende wote Dar, akakae chini ya ile picha, huenda mtu akamtambua. Nikisema ukweli, namuulia mwanawe kwa mkono wangu. Nikiiondoa picha, nafasi niliyoisubiri maisha yangu yote imekwenda, na bado yeye ataendelea kutafuta. Silali, sili, kamera siishiki.

Jumamosi iliyopita alikuja na shati jipya. "Lile alilovaa pichani limechakaa kola," akasema. "Hebu lijaribu wewe, naona mwili wenu mmoja."

Nikavaa. Likanikaa sawasawa. Akanizungusha, akanifunga vifungo mwenyewe, akacheka kicheko ambacho sijakisikia tangu Shabani aondoke. "Basi litamtosha."

Shati liko hapa kitandani, nalitazama tangu asubuhi. Ndugu zangu, matusi nayastahili, nitukaneni. Lakini mkimaliza niambieni, mama huyu naanzia wapi kumwambia?