Nusu ya Kahawa

Najua mnasema sisi bibi tunaongeza chumvi. Haya, kaa hapo unisikilize, kisha unionyeshe chumvi iko wapi. Nilikuwepo mwenyewe. Nilikuwa na miaka tisa, na aliyetaka kufa mbele ya macho yangu ni mdogo wangu Petro.

Wiki ilianza kama wiki zote, enzi za Mwingereza, kwetu Nyakatuntu. Baba alikuwa kibarua machimbo ya bati, akirudi Jumamosi jioni. Mama, mja mzito wa miezi minane, alikata nyasi mpya za kutandika ndani. Mimi nilianika kahawa na kugombana na kuku. Alhamisi mama akasema twende Kimuli tukamsalimie shangazi. Tulifurahi jamani! Petro, wa miaka minne, alitangulia akiimba nyimbo za kanisani na kuyakosea maneno yote. Kwa shangazi tulikula ndizi na maharage mpaka tukashindwa kuinuka.

Mchana tukiwa njiani kurudi, mvua ilikuwa imepiga milimani. Petro akaanza kulalamika baridi, na mimi nikamcheka, nikamwambia amevimbiwa. Mpaka leo kicheko kile kinaniuma. Tulipofika katikati ya mbuga, mbali na mji wowote, alianguka akakakamaa, macho yakageuka meupe. Degedege. Zahanati ya misheni ilikuwa ng'ambo ya mto, na mto umejaa. Mama alimbeba hatua chache, mimba ikamlemea, akakaa chini kwenye matope. Alipiga yowe. Ungefanya nini wewe? Hapakuwa na mtu, ni ng'ombe tu kwa mbali.

Basi nikageuka, nikaona mwanamume amesimama karibu nasi. Alikuwa mrefu, amevaa shuka nyeusi, na kidole kidogo cha mkono wa kushoto hana.

"Shikamoo," nikasema, maana ndivyo nilivyofundishwa. Hakuitika. Alinitazama tu kwa upole.

"Shemeji, nipe mtoto," akamwambia mama.

Mama hakuwa mtu wa kumkabidhi mgeni hata kuku, lakini alimpa. Yule mtu aliingia mtoni, maji yakamfika kifuani, Petro kamwinua juu ya kichwa. Akamlaza ng'ambo, akarudi kumshika mama mkono, mimi akanipandisha mabegani. Niamini, sikuogopa hata kidogo. Nilipoteremka ndipo niliposhangaa: mimi miguu inachuruzika maji, na shuka yake kavu kabisa.

Mlangoni pa zahanati alimrudisha Petro mikononi mwa mama. Mama akamwuliza jina ili amshukuru. Badala ya kujibu, alifungua fundo la shuka, akatoa tunda moja la kahawa kavu, ile ya kutafuna, akalipasua kwa ukucha. Nusu akaitia kinywani, nusu akamwekea mama kiganjani.

"Mpe mwenzangu," akasema. "Mwambie mimi sikumwacha."

Mama alimwingiza mtoto ndani, na alipotoka hakumkuta yule mtu.

Jumamosi baba aliporudi, Petro alikuwa ameketi anakunywa uji na kudai sukari. Mama akaeleza yote, akafungua pindo la kitenge, akampa ile nusu. Baba aliigeuzageuza kiganjani.

"Kidole cha kushoto?" akauliza.

"Hana," nikajibu mimi.

Baba yangu, ambaye sikuwahi kuona chozi lake, alikaa juu ya zile nyasi akalia kwa sauti. Kisha akainua shati, akatuonyesha kovu karibu na kitovu. Ujanani, kabla ya ubatizo, alifanya omukago, undugu wa damu, na kijana wa Kimuli aitwaye Katabaro. Walichanjana, wakapasua tunda moja la kahawa, kila mmoja akameza nusu yenye damu ya mwenzake. Tangu hapo mtoto wa huyu ni wa yule, na anayebaki humpelekea mwenzake shuka ya kuzikiwa. Baba alipobatizwa, katekista alimwambia mambo hayo ni ya kipagani. Akatuficha. Na Katabaro alipofariki, msimu uliopita wa kupanda, baba hakwenda.

"Nilimwacha peke yake," akasema. "Na yeye amenibebea mtoto."

Jumapili baada ya misa tulikwenda sote kaburini, baba na shuka mpya mkononi, Petro mgongoni. Baba alipiga magoti, akaitandika, akaomba radhi kwa maneno ambayo sitayasema hapa. Mimi nikaamkia tena. Kimya. Ndipo Petro akaangalia pale penye migomba, akasema, "Baba, anauliza mbona umechelewa."

Petro sasa ni mzee mwenye wajukuu. Ukimwuliza, hakumbuki lolote. Lakini hajawahi kutafuna tunda zima la kahawa. Hupasua, nusu huiweka chini, na hajui kwa nini.

Kwa hiyo wewe uliyeapa undugu na mtu, siku ukisikia amekufa, nenda ukamzike, akukataze nani. Mimi nimemwamkia yule baba yangu mdogo mara mbili. Nikifika kwake, na sasa si mbali, nitamwamkia mara ya tatu, na safari hii ataniitikia.