Ndege Aliyoiona Cephas Kwenye Simu

Eucabeth ameuza omena, dagaa wa ziwani, miaka ishirini na miwili, kutoka kisiwa cha Rusinga hadi soko la Kegonga, na kama kuna kitu anachokijua vizuri ni safari. Mwambie barabara ni ya saa nne, atakuuliza, "Na kungoja je?" Pale Migori gari haliondoki mpaka lijae, na magunia yake yameshashinda hapo mchana kutwa. Halafu mtu aje amfundishe safari!

Baba yake alipofariki aliacha ombi moja tu: udongo wa kwanza kaburini autupe Willis, mwanawe wa kiume wa pekee, anayefanya kazi Perth, Australia. Willis akakata tikiti, akamtumia dada yake Eucabeth picha ya tikiti hiyo. Eucabeth akaisomea kamati ya mazishi polepole, mara mbili. Anaondoka Alhamisi usiku. Anashuka Doha, anangoja hapo nusu siku. Anafika Nairobi Ijumaa jioni, Kisumu Jumamosi asubuhi.

"Tuzike Jumapili," akasema.

Cephas, ndugu mdogo wa marehemu na mwenyekiti wa kamati, hata hakuitazama hiyo tikiti. Yeye alikuwa ameingia mtandaoni, akaandika Perth na Kisumu, akapewa kilomita elfu tisa na muda wa kuruka. Akainua simu wote waione.

"Masaa kumi na moja, nyathina, mwanangu! Mtoto wetu atakunywa chai hapa Ijumaa asubuhi. Tunazika saa saba, sisi Wasabato, kabla jua lizame Sabato iingie. Hema na ng'ombe zimeshapangwa."

"Baba mdogo, hiyo ni ndege gani? Nani ameipanda? Hakuna ndege inatoka huko ikuje Kisumu moja kwa moja!"

"Kompyuta haiwezi danganya. Keti chini, wazee wanapanga."

Wakacheka. Watu wazima, wengine hata uwanja wa ndege wa Kisumu wanausikia redioni tu, wakamcheka mwenye tikiti mkononi. Hasira ile hajaimeza mpaka leo.

Ijumaa walingoja mpaka saa tisa. Cephas alitoka hemani mara kumi kutazama njia ya darajani, kana kwamba ndege ingetua Mbita, ng'ambo ya daraja. Mchungaji akatazama jua, akasema Sabato haingoji mtu, na Cephas akasema nyama iliyopikwa haingoji Jumapili. Eucabeth akasimama mbele ya jeneza, akaapa hakuna atakayeligusa. Binamu zake wawili wakamshika mikono, wakamwondoa kama mlevi. Udongo wa kwanza akautupa Cephas.

Usiku huo hakuna aliyethubutu kumwambia Willis. Eucabeth alishika simu mara tatu, akashindwa.

Willis alifika Jumamosi saa sita mchana, suti imekunjamana, macho mekundu, akauliza baba amelazwa nyumba gani. Cephas akamkimbilia na simu yake. "Walisema masaa kumi na moja, kijana wangu. Angalia, bado wanasema!"

"Nani walisema?" Eucabeth alipaza sauti mpaka waliotoka kanisani wakasimama njiani. "Tikiti si nilikusomea mimi? Si ulinicheka?"

Willis aliliona kaburi, akaenda akapiga magoti, akachota udongo, akasimama nao mkononi. Kaburi lilikuwa limejaa, limeshindiliwa. Akamgeukia dada yake.

"Niutupe wapi?"